Wasomaji Wauliza: Mirengo, Idadi na Wingi wa Bunge

Barua za toleo hili zimetoka Kisumu, Siaya, Nakuru na Magharibi, na karibu zote zinazunguka jambo moja: vyama vikishaungana, nani huhesabiwa kuwa ameshinda Bunge? Nyingine tumezifupisha. Uchaguzi mkuu ujao ni Jumanne, Agosti 10, 2027, kwa hiyo bado kuna muda wa kusoma karatasi kabla ya kusikiliza vipaza sauti.

Mwaka 2022 tulilala tukijua Azimio, mrengo wa Raila Odinga, ndio wengi katika Bunge la Kitaifa, tukaamka tukaambiwa ni Kenya Kwanza ya Rais William Ruto. Hakuna mbunge aliyekufa, hakuna uchaguzi mdogo uliofanyika. Hesabu iligeukaje?
*Msomaji, Kondele, Kisumu*

Kura hazikugeuka. Kilichogeuka ni safu ambayo wabunge 14 waliandikwa.

Kwanza weka hili akilini, maana ndipo wengi huteleza. Kifungu cha 108 cha Katiba kinasema kiongozi wa walio wengi ni yule anayeongoza chama au muungano wa vyama ulio mkubwa zaidi bungeni. Mkubwa zaidi, si uliopita nusu. Bunge la Kitaifa lina wabunge 349 ukimwacha Spika, na nusu yake kwenda juu ni 175. Kwa orodha ya vyama jinsi ilivyokuwa kwa Msajili wa Vyama vya Kisiasa siku ya uchaguzi, Azimio ilikuwa na 171 na Kenya Kwanza 165. Waliobaki walikuwa hasa wagombea huru. Yaani hata Azimio iliyokuwa mbele haikuwa na nusu ya Bunge.

Baada ya urais kuamuliwa, vyama vinne vilivyoingia uchaguzini ndani ya Azimio (UDM, PAA, Maendeleo Chap Chap na MDG) vilisema vimehamia upande wa serikali. Oktoba 6, 2022, Spika Moses Wetang'ula aliamua kwamba wabunge 14 wa vyama hivyo wahesabiwe Kenya Kwanza. Toa 14 kwenye 171, unabaki na 157. Ongeza 14 kwenye 165, unapata 179. Basi, ndiyo hesabu yote.

Februari 7, 2025, majaji watatu wa Mahakama Kuu waliufuta uamuzi huo, wakasema Spika hakuwa na msingi wa kuwakabidhi Kenya Kwanza wabunge hao. Siku tano baadaye Spika alitoa uamuzi mpya: Kenya Kwanza 165, Azimio 154, na Kenya Kwanza ikabaki walio wengi. Mara hii hakuwaongeza wale 14 upande mmoja, ila hakuwarudisha upande wa pili. Kwa maoni ya meza hii, hapo ndipo ujanja ulipo: mrengo hupoteza wingi hata pale ambapo mpinzani wake hajaongeza mtu.

Na kwa nini wapigane hivyo kwa ajili ya cheo? Upande wa walio wengi hutoa kiongozi wa shughuli za Bunge, hupata viti zaidi katika kamati inayopanga ajenda ya wiki, na wenyeviti wa kamati nyingi hutoka kwao. Walio wachache hupewa kamati za kukagua hesabu za serikali. Ukiwa upande wa walio wachache, unakagua pesa badala ya kuzipanga.

Kwani mrengo wenye wabunge wengi si ndio unaounda serikali, kama Uingereza?
*Msomaji, mjini Busia*

Kwetu, la. Rais huchaguliwa peke yake, kwa kura zaidi ya nusu na angalau asilimia 25 katika kaunti 24. Anaweza kuapishwa akiwa na Bunge ambalo mrengo wake ni mdogo. Anachokosa hapo si serikali, ni urahisi wa kuitawala: bajeti, miswada na majina ya mawaziri vyote hupitia kwa wabunge. Ndiyo maana wiki za kwanza baada ya kuapishwa huwa za kununua urafiki wa vyama vidogo na wabunge huru.

Usiku wa matokeo napenda kujihesabia mwenyewe. Natafuta namba gani, na niziandike vipi nisipotoshwe na televisheni?
*Msomaji, Rongai, Nakuru*

Gawa karatasi yako safu nne: eneobunge, mshindi, chama kilichoandikwa kando ya jina lake kwenye karatasi ya kura, na mrengo ambao chama hicho kilisajiliwa nao. Safu ya tatu na ya nne zisichanganywe. Kosa la kila uchaguzi ni kumwandikia mtu mrengo kwa sababu alionekana jukwaani na kinara fulani. Wagombea huru wape safu yao pembeni na usiwajumlishe popote, hata wakitangaza saa hiyo hiyo wanamuunga mkono nani.

Karatasi ya kura ya mbunge ni ya kijani, ya mwakilishi wa wanawake wa kaunti ni ya zambarau. Matokeo ya mbunge huandikwa kwenye Fomu 35A kituoni, hujumlishwa kwenye 35B, na msimamizi wa uchaguzi wa eneobunge humtangaza mshindi pale pale. Ya mwakilishi wa wanawake hupita 39A kituoni na 39B kwenye eneobunge kabla ya kufika 39C ya kaunti, kwa hiyo huchelewa. Nakuru ina maeneobunge 11, na kaunti ikingoja moja lililokwama, mwakilishi wa wanawake hatangazwi. Usishangae jumla yako ikisimama kwenye wabunge 290 kwa muda. Ukiongeza wawakilishi 47 unafika 337. Wale 12 wa kuteuliwa na vyama huja baadaye kupitia Gazeti Rasmi la Serikali, kwa hiyo mtu anayekutangazia "wingi kamili" usiku ule anabashiri.

Wewe wa Rongai unajua pia kwamba hata 290 huenda wasikamilike. Mwaka 2022 kura ya mbunge huko kwenu, Kitui Rural, Kacheliba na Pokot South iliahirishwa kwa sababu ya dosari kwenye karatasi za kura, mkapiga Agosti 29. Siku zote ishirini hizo mahesabu ya magazeti yalikuwa na mapengo manne.

Namba za kushika ni 50, 175 na 233. Hamsini ni akidi ya kikao. 175 ni zaidi ya nusu ya wote. 233 ni thuluthi mbili, inayohitajika kubadili Katiba au kupindua kura ya turufu ya Rais. Miswada mingi, lakini, hupita kwa wingi wa waliopiga kura siku hiyo tu, na hapo mipaka ya mirengo huyeyuka. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipitishwa Juni 25 kwa kura 195 dhidi ya 106. Linganisha 195 na zile 179 za uamuzi wa Spika, kisha utafute majina.

Nafundisha historia. Wanafunzi huuliza kwa nini muungano wa NARC ulishinda kwa kishindo 2002 ukasambaratika hata kabla ya miaka mitatu. Nawajibu vipi bila kuishia kwa "usaliti"?
*Mwalimu, Mumias*

Waambie waangalie karatasi mbili: ya kura, na ya maelewano.

Ya kura ilikuwa imara. Katika uchaguzi wa Desemba 27, 2002, National Alliance Party of Kenya ya Mwai Kibaki, Michael Kijana Wamalwa na Charity Ngilu, pamoja na Liberal Democratic Party ya kina Raila Odinga waliotoka KANU, walisimamisha wagombea kwa tiketi moja ya NARC. Hawakugongana katika maeneobunge. NARC ilipata viti 125 kati ya 210, KANU 64, FORD-People 14. Tiketi moja ililipa hata kwenye viti 12 vya uteuzi, vilivyogawanywa kwa uwiano: 125 gawa kwa 210 mara 12 ni 7.1, kwa hiyo NARC 7. KANU 3.7, ikapewa 4. FORD-People 0.8, ikapata 1. Wape wanafunzi wafanye hesabu hiyo ubaoni, wakikadiria kwa namba nzima jumla inatimia 12.

Karatasi ya pili ndiyo iliyokuwa na ufa. Mkataba wa maelewano wa Oktoba 2002, uliogawa vyeo nusu kwa nusu na kuahidi wadhifa wa Waziri Mkuu, haukuwa na sheria nyuma yake. Vyama wakati huo vilisajiliwa kama vyama vya kijamii tu. Hakukuwa na msajili wa miungano wala jopo la kusuluhisha mizozo yao, na Katiba ya wakati huo haikumlazimisha Rais kushauriana na mtu kuhusu baraza la mawaziri. Upande wa LDP ulipolalamika kwamba haukupewa haki yake, haukuwa na mahali pa kwenda. Juni 2004 Kibaki aliingiza serikalini watu wa KANU na FORD-People. Kura ya maoni ya Novemba 21, 2005, kuhusu rasimu ya Katiba, ya ndizi (Ndiyo) na chungwa (Hapana), ilikuta nyumba imeshapasuka. Siku mbili baadaye Rais alivunja baraza lote, na lilipoundwa upya viongozi wa chungwa hawakuwemo.

Kisha linganisha na 2008. Baada ya umwagaji damu uliofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ODM ya Raila ilikuwa na wabunge 99 na PNU ya Kibaki 43, na maafikiano ya Februari 28 yaliingizwa katika sheria na Katiba. Waziri Mkuu hakuweza kufutwa kwa barua ya Rais. Ilihitaji kura ya Bunge. Watu wale wale waliogombana 2005 waligombana tena, pengine zaidi, lakini serikali ile ya mseto ilifika 2013. "Usaliti" ulikuwepo mara zote mbili. Tofauti ni kwamba mara ya pili kulikuwa na karatasi inayoshtakika.

Kama darasa lina muda, ongeza Januari 15, 2008. Kenneth Marende wa ODM, mbunge wa Emuhaya, alimshinda Francis ole Kaparo, aliyeungwa mkono na PNU, kwa kura 105 kwa 101 kuwa Spika. Kura nne, na katika Bunge jipya hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mirengo kupimana kwa siri.

Chama chetu ni kidogo, kiko ndani ya muungano mkubwa. Wakubwa wananiambia nimwachie mwenzangu wa chama kikubwa, nitateuliwa. Nikubali?
*Mgombea mtarajiwa, Bungoma*

Sababu yao ya kwanza ni halali. Tuseme muungano wenu unasimamisha wawili, mmoja anapata 14,000, mwingine 11,000, na mpinzani 15,500. Mnashindwa na mtu mwenye asilimia 38. Kwetu hakuna duru ya pili ya ubunge.

Ahadi ya uteuzi ndiyo ya kupimwa. Viti vya uteuzi katika Bunge la Kitaifa ni 12 kwa viti 337 vya kuchaguliwa: kiti kimoja kwa kila viti 28 hivi. Na hugawiwa kwa chama, kulingana na viti kilivyoshinda, si kwa ahadi za vinara. Chama chako kikishinda viti vinne, hesabu yako ni 0.14. Ili uteuliwe kupitia chama kikubwa, jina lako lazima liwe kwenye orodha yake iliyokabidhiwa tume ya uchaguzi, IEBC, kabla ya uchaguzi, na wewe uwe mwanachama wake. Orodha hupishanisha mwanamume na mwanamke. Kama ni wewe wa sita na chama kimepata viti vitatu, umeachwa. Uliza uko namba ngapi, uone orodha yenyewe.

Kabla ya kutia sahihi chochote, omba kusoma mkataba wa muungano. Ulioundwa kabla ya uchaguzi huwekwa kwa Msajili si chini ya miezi mitatu kabla ya siku ya kura, na kama unaunda chama cha muungano kamili, kama Azimio 2022, ni miezi minne. Ulioundwa baada ya uchaguzi huwasilishwa ndani ya siku 21 tangu kutiwa sahihi. Ukiambiwa "uko kwa wakili", haujawa muungano kisheria. Ukiupata, anza mwisho: kipengele cha kujiondoa kinasema notisi ya siku ngapi, na kwa nani? Kisha utafute nani mwenye uamuzi wa mwisho pale vyama viwili vinapotaka eneobunge moja, na wabunge watahesabiwa wapi chama kikitoka katikati ya muhula. Kesi ya wale 14 ingekuwa fupi zaidi kama maswali haya yangejibiwa kwa sentensi tatu zilizonyooka.

Usisahau pesa. Hazina ya Vyama vya Kisiasa hugawa sehemu yake kubwa, asilimia 70, kwa kufuata kura ambazo wagombea wa chama walipata. Chama kisichosimamisha wagombea kwa jina lake hakina kura za kuonyesha. Muungano wenye heshima huandika jinsi utakavyowafidia waliojiondoa.

Ukiona wanakuchezea, mlango wa mgombea huru upo, ila hufungwa mapema: usiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi, na uwe na sahihi za wapiga kura 1,000 wa eneobunge lako. Hakikisha jina lako limeondolewa kwenye daftari la wanachama kupitia eCitizen. Wengi hukwama kwa chama walichosajiliwa bila kujua. Mzozo na washirika wa muungano hupelekwa kwa Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Kisiasa, baada ya kujaribu njia za ndani na kubaki na ushahidi kwamba ulizijaribu.

Opiyo Wandayi na John Mbadi waliingia baraza la mawaziri pamoja 2024. Mbona sisi tulipigishwa kura na kiti cha Mbadi kikajazwa kimyakimya?
*Msomaji, Ugunja, Siaya*

Waziri haruhusiwi kuwa mbunge, kwa hiyo wote wawili waliacha viti. Wandayi alichaguliwa nanyi, kiti ni chenu, lazima mpige kura. Mbadi alikuwa mbunge wa kuteuliwa, kiti ni cha ODM, kikaenda kwa anayefuata wa jinsia hiyo hiyo kwenye orodha ya chama. Wanaopanga serikali ya mseto hulijua hili vizuri: kumchukua mbunge wa kuteuliwa hakumgharimu mtu kampeni.

Katiba inataka uchaguzi mdogo ndani ya siku 90. Nyinyi mlingoja hadi Novemba 27, 2025, pamoja na eneobunge la Malava lililompoteza mbunge wake Februari mwaka huo, kwa sababu IEBC haikuwa na makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai 2025. Bungoma walikuwa na bahati: Wetang'ula alipoacha useneta kuwa Spika, walipiga kura Desemba 8, 2022, tume ikiwa bado na makamishna.

Chama cha ANC kilimezwa na UDA, chama cha Rais Ruto, Januari 2025. Wabunge tuliowachagua kwa tiketi ya ANC si wamehama chama? Kwa nini hawakupoteza viti?
*Msomaji, Luanda, Vihiga*

Kuhama ni mtu kuacha chama chake. Vyama vikiungana kuwa kimoja, chama ndicho kinachohama na watu wake. Sheria inamlinda mbunge wa chama kilichoungana: anamaliza muhula, na asiyetaka chama kipya ana siku 30 za kujiunga na kingine au kuwa mbunge huru. Ndivyo Jubilee ilivyoundwa 2016. Muungano wa kawaida ni tofauti kabisa, kila chama hubaki na jina, daftari na deni zake.

Nimeombwa kuwa ajenti wa muungano wa vyama vinne. Nitamsimamia nani hasa, na nifanye nini ili nisiwe pambo?
*Msomaji, Ahero, Nyando*

Soma barua yako ya uteuzi. Ajenti hutambuliwa kwa chama au mgombea aliyemteua, na kituoni mgombea huwakilishwa na ajenti mmoja kwa wakati. Kama barua inasema "muungano" tu na mgombea wenu wa ubunge yuko kwenye karatasi kwa tiketi ya ODM au DAP-K, msimamizi wa kituo anaweza kukutoa wakati wa kuhesabu ubunge. Dai barua ya chama chenye mgombea, kisha ule kiapo cha usiri.

Fika kabla ya saa kumi na mbili asubuhi uone masanduku matupu, na uandike namba za vifungio. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700, kwa hiyo hesabu zozote zinazopita hapo ni za kusimamisha kazi mara moja. Kura za urais huhesabiwa kwanza, na hapo ndipo maajenti wengi huondoka na simu masikioni. Za ubunge huhesabiwa usiku wa manane mbele ya viti vitupu. Wewe kaa. Fomu 35A ikijazwa, jumlisha kura halali za wagombea wote, ongeza zilizokataliwa, ulinganishe na karatasi zilizotoka sandukuni, halafu na idadi ya waliotambuliwa na mashine. Makosa mengi ni ya tarakimu zilizopinduliwa, 176 ikawa 167, na hurekebishwa kirahisi ikiwa yataonekana kabla ya sahihi.

Chukua nakala yako na upige picha ile inayobandikwa mlangoni. Ukikataa kutia sahihi, andika sababu kwenye fomu, kwa kuwa kukataa kwenyewe hakubatilishi matokeo. Mgombea wenu akitaka kwenda mahakamani ana siku 28 tangu kutangazwa, na dhamana ya shilingi 500,000 ya kulipwa ndani ya siku kumi baada ya kuwasilisha kesi. Wakili atakayemwendea ataomba 35A za vituo vyote kabla ya kuuliza swali lingine.